Nataka kumnunulia binti yangu (29) gitaa la umeme, muuza duka naona ananipanga. Wajuzi njooni

#1 MamaWawili
Habari zenu wadau. Binti yangu wa kwanza ana miaka 29, ni muuguzi Mwanza, anapiga gitaa kavu kwaya tangu yupo sekondari. Juzi kwenye simu akanichekesha, anasema kikundi chao sasa kina dramu na besi, yeye bado wanamtegeshea maiki mbele ya gitaa kavu, akisogea kidogo spika zinapiga wiiiii kanisa zima linaziba masikio. Nikasema huyu mtoto tangu aanze kazi ananitumia hela kila mwezi, mimi sijawahi kumnunulia kitu cha maana, acha nimpe gitaa la umeme akija Desemba. Bajeti milioni moja na laki mbili, nimeiweka pembeni.

Nimeenda Kariakoo duka moja, kijana akanipa jekundu linang'aa, anasema mama hii Fender ya Marekani orijino, laki tatu na nusu sababu ni wewe. Nikamwambia nakuja. Sijui chochote kuhusu haya mambo. Je ninunue lipi? Na mtu mzima hivyo ananunuliwa gitaa au apewe hela akachague mwenyewe? Asanteni.

#2 NdiziMzuzu
Nimeweka kambi.

#3 KapukuWaUbungo
Shikamoo mama. Samahani una nafasi ya mtoto mwingine? Mimi mzee wangu alilitia langu kuni za ubwabwa mwaka ule nimefeli fomu two, akasema gitaa ni uhuni. Mpaka leo nikisikia solo tumbo linanguruma.

#4 FundiNyuzi
Shikamoo mama. Umefanya vizuri kuondoka. Fender iliyotengenezwa Marekani, mpya, inavuka dola elfu moja hata ukinunua huko huko Marekani, sasa ya laki tatu na nusu Kariakoo hiyo imeletwa na malaika gani. Aliyokuonyesha ina jina la Fender kwenye kichwa, basi.

Kwa hela yako angalia vitu viwili. Cha kwanza ni Squier umbo la Stratocaster. Umbo lenyewe ni la tangu 1954, lina pikapu tatu (vile visumaku vya chini ya nyuzi vinavyodaka sauti) na swichi ya nafasi tano na mwili umelainishwa pembeni halikati mbavu. Cha pili ni Yamaha Pacifica, hasa 112, hii ina pikapu mbili nyembamba za koili moja na moja nene ya koili mbili karibu na brija (pale nyuzi zinapokaa mwilini), kwa hiyo anapata sauti ya kuchonga na sauti nzito kwenye gitaa moja. Pacifica zipo tangu 1990 na mafundi wengi wanaziheshimu.

Ila usimalize hela yote kwenye gitaa!!! Gitaa la umeme peke yake halisikiki, ni ubao wenye nyuzi. Toa humo hela ya amplifaya, waya, begi, mkanda, nyuzi za akiba na hela ya fundi kuliweka sawa. Mimi ningegawa nusu gitaa, nusu vilivyobaki.

#5 Mkandamizaji
Fundi unampoteza mama wa watu. Squier ni feki ya Fender, mchina kakopi umbo akabadilisha jina. Mama usinunue Squier.

#6 FundiNyuzi
Mkandamizaji hiyo ni chai. Squier ni mali ya Fender wenyewe. Lilikuwa jina la kampuni ya nyuzi Marekani, Fender wakalinunua 1965, likakaa kaa, kuanzia 1982 wakaanza kulitumia kwenye magitaa ya bei nafuu yaliyokuwa yanatengenezwa Japani. Siku hizi yanatoka Indonesia na China lakini kwa ruhusa yao. Gibson nao wana Epiphone, jina lao la bei nafuu, hivyo hivyo. Feki ni ile inayojiita Fender na siyo.

#7 Mkandamizaji
Sawa profesa. Ila ya China ni ya China tu.

#8 KapukuWaUbungo
Simu unayoandikia imetoka Kigoma?

#9 MjukuuWaMsondo
Mama huyo binti anataka kupiga nini? Hilo ndilo swali la kwanza, mengine baadaye. Kama kwaya zetu hizi za sebene, mtu anaingia na solo ya juu pale watu wanaanza kutupa leso, basi anahitaji gitaa la sauti nyembamba inayopenya, siyo haya mazito ya roki. Kina Mbaraka Mwinshehe walipiga vitu vile na vifaa vya kawaida kabisa, Morogoro Jazz wakaenda mpaka Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70, Wajapani wakakaa kimya wanasikiliza. Mpaka mzee anafariki 1978 hakuna aliyemfikia.

#10 LushotoBaridi
Alifariki Januari 1979, ajali ya gari, Mombasa. Na wakati huo hakuwa Morogoro Jazz tena, alishaondoka 1973 akaanzisha Super Volcano. Wajapani wamekaa kimya umeongeza chumvi mwenyewe.

#11 MjukuuWaMsondo
Chumvi ni ladha ya mboga mkuu. Mwaka umeupata.

#12 BabaUshirika
Mimi nasema apewe hela. Gitaa ni kama kiatu, huwezi kumnunulia mtu mzima kiatu bila mguu wake kuwepo. Kuna unene wa shingo, kuna uzito, kuna urefu wa uzi. Fender na ndugu zake nyuzi ni milimita 648 kutoka kwenye nati (kile kipande chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa) mpaka brija, Gibson ni kama 628, unaona ndogo lakini vidole vinajua, zile za Gibson nyuzi ni laini kidogo na freti (vile vyuma vya kwenye shingo) zimekaribiana. Gibson umbo la Les Paul linavuka kilo nne, ibada ya Jumapili ya masaa matatu umesimama na kilo nne begani, tena muuguzi ametoka zamu ya usiku!

Mpe bahasha. Aende mwenyewe.

#13 DadaWaSolo
BabaUshirika umesema kweli kwenye uzito ila bahasha hapana. Nitakwambia kwa nini. Mtu akipewa bahasha kwa familia zetu hizi, hela inaenda ada ya mdogo wake, inaenda msiba, gesi imeisha, baadaye anakwambia mama nilinunua kitu kingine. Mimi hela yangu ya gitaa ilijenga choo cha shangazi. Choo kizuri, sikatai.

Mama mimi ni mwanamke na napiga solo kanisani Arusha. Wauza duka wakisikia ni la binti watakuletea dogo la robo tatu, la pinki, eti mikono ya kike. Kataa. Hayo ni ya watoto. Mtu anayepiga gitaa kavu tangu sekondari vidole vyake ni vya chuma, gitaa la umeme ataliona siagi. Umbo la Strat linakaa vizuri kifuani kwa mwanamke kwa sababu limechongwa nyuma na pembeni, Les Paul na Telecaster (umbo jingine la Fender) zina kingo. Mkanda ununue mpana, huu ndio unaookoa bega.

#14 NairobiMtaani
Salamu kutoka Nairobi. Huku tunazunguka Luthuli na River Road na shida ni hiyo hiyo, jina la Gibson kwenye kichwa na bei ya mbuzi. Dondoo moja, Gibson Les Paul halisi, kile kifuniko kidogo kwenye kichwa kinachofunika skrubu ya shingo kina skrubu mbili. Feki nyingi zina tatu. Ukiona tatu kwenye kitu kinachojiita Gibson, ondoka na usiage.

#15 Mkandamizaji
Na zenye mbili ambazo ni feki?

#16 NairobiMtaani
Hizo pia zipo buda. Nimesema ukiona tatu ondoka, sijasema ukiona mbili nunua.

#17 NdiziMzuzu
Swali, binti ni mashoto au wa kulia? Mmejaza kurasa hamjauliza.

#18 FundiNyuzi
NdiziMzuzu leo umetoka kambini na kitu cha maana.

#19 MamaWawili
Asanteni wote, marahaba kwa mlionisalimia. Kapuku pole mwanangu, nafasi imejaa. Sasa hilo la mashoto limenishtua, maana anaandika kwa mkono wa kushoto, kula anakula kwa kulia kwa sababu bibi yake alikuwa mkali. Gitaa sijawahi kuangalia. Nimefungua picha zake, kwenye moja shingo ya gitaa imeelekea upande wa kushoto kwake, kwenye nyingine imeelekea kulia. Anapiga pande zote?

#20 KapukuWaUbungo
Mama umezaa jini.

#21 LushotoBaridi
Mojawapo ni selfi. Kamera ya mbele ya simu inageuza kama kioo. Angalia kama kuna maandishi kwenye fulana au ukutani, yakisomeka kinyume basi picha imegeuzwa, amini ile nyingine.

#22 BabaUshirika
Siyo simu zote. Nyingine zinakuonyesha kioo wakati unapiga halafu zikihifadhi zinanyoosha. Inategemea na mpangilio. Amini maandishi, usiamini simu.

#23 MamaWawili
Zote mbili kavaa sare ya kitenge. Hakuna hata herufi moja.

#24 NdiziMzuzu
Angalia vifungo. Blauzi ya kike kitufe kiko kushoto.

#25 DadaWaSolo
Kushonwa na fundi wa mtaani vifungo viko popote atakapoamka navyo. Mama piga simu kwa mdogo wake uulize, acha upelelezi. Ila kama kweli anapiga kushoto ujue mapema maana gitaa la mashoto Dar ni la kutafuta kwa tochi, na ukilipata hakuna kuchagua rangi wala aina. Jimi Hendrix alikuwa anachukua Strat ya kulia anaigeuza anapanga nyuzi upya, lakini ukiigeuza vitufe vya sauti vinakuja juu na mkono unavigonga. Mashoto wengi huku kwetu wamejifunza kulia tu kwa sababu gitaa la kanisa lilikuwa moja.

#26 MswahiliMinnesota
Habari za nyumbani. Mimi niko Marekani nakuja Desemba, watu wengi huniagiza hivi vitu. Huku Squier ya chini inaitwa Sonic inaenda dola 200 hivi, Pacifica 112 dola 300 na kitu. Gitaa lenyewe halina volti, litafanya kazi popote. Lakini AMPLIFAYA USIAGIZE HUKU. Umeme wa huku ni volti 120, wa nyumbani ni 230, ukichomeka moja kwa moja unasikia tup, moshi, kwaheri. Kuna mtu alimletea mjomba wake amplifaya kutoka huku, walipochomeka ilidumu kwa muda wa kusema amina.

#27 Mkandamizaji
Si unaweka transfoma ya kushusha.

#28 MswahiliMinnesota
Unaweza. Halafu siku moja mtoto anachomoa transfoma achajie simu. Nunua amplifaya huko huko.

#29 FundiNyuzi
Nakazia. Na ukilileta kwa ndege nyuzi zilegezwe kidogo, begi liwe gumu.

#30 LushotoBaridi
Hapo kwenye kulegeza watu wanabishana mpaka kesho. Wengine wanasema ukilegeza sana shingo inarudi nyuma kwa sababu chuma cha ndani kinaivuta bila mpinzani. Wengine wanasema usipolegeza kichwa kinakatika. Ukweli kinachovunjika mara nyingi ni Gibson na jamaa zake kwa sababu kichwa kimelala nyuma kama nyuzi 17 (za pembe siyo za gitaa) na mti umekatwa kwa pamoja, likianguka na begi limekwisha. Kichwa cha Fender kiko sambamba na shingo, likianguka linachubuka tu.

#31 BabaUshirika
Mimi langu nalegeza. Bila sababu za kisayansi, moyo unatulia.

#32 MzigoWaMuscat
Nyie wa Minnesota mnasema bei ya dukani tu. Nilileta la mwanangu kutoka huku Oman, uwanja wa ndege nikaulizwa risiti, VAT pekee ni asilimia 18 na kuna ushuru mwingine juu yake. Kama hulitumii mwenyewe weka hiyo hela kwenye hesabu kabisa, msimdanganye mama kwamba ni dola 200 halafu basi.

#33 NairobiMtaani
Kwetu VAT ni 16, karibuni mpitishie huku.

#34 KapukuWaUbungo
Tumeanza gitaa tumefika magendo.

#35 MamaWawili
Nimempigia mdogo wake. Anapiga kulia, kama wengine. Anasema pia dada yake anapenda sana kusikiliza nyimbo za Kikongo na anataka "ile sauti". Sasa nyinyi mnaojua, ile sauti ipo kwenye gitaa gani?

#36 MjukuuWaMsondo
Mama umefungua mlango wa zizi.

Ile sauti ipo kwenye pikapu. Koili moja, ile ya nyuma karibu na brija, amplifaya safi isiyokwaruza, rivabu kidogo. Strat au Tele. Basi.

#37 DadaWaSolo
Siyo pikapu. Ni mkono wa kulia, wanaziba nyuzi kidogo na kiganja na wanapiga karibu na brija, kila noti inatoka fupi kama punje. Nimemwona mtu anatoa hiyo sauti kwenye gitaa bovu la shule lisilo na jina.

#38 Mkandamizaji
Ni efekti. Dilei fupi (mwangwi) na korasi ya pedali, siyo ya kuimba. Toa pedali uone kama kuna sebene hapo.

#39 LushotoBaridi
Dr. Nico Kasanda wa Kongo alikuwa anapiga miaka ya 60 mwanzoni, hiyo korasi yako ya pedali ilikuwa bado haijazaliwa. Amefariki 1985, Franco mwenzake wa Kongo 1989, kazi kubwa walishaifanya na amplifaya na vidole.

#40 Mkandamizaji
Sizungumzii Nico, nazungumzia sebene za sasa hivi zinazopigwa kwaya. Msikilize yeyote, kuna dilei pale.

#41 BolingoLubum
Jambo bandugu, miye niko Lubumbashi, munisamehe Kiswahili yetu. Muko nabishana gitaa moja lakini ile sauti haiko ya gitaa moja. Iko magitaa tatu. Kuko mwenye anapiga solo, kuko mwenye anapiga akompanyema, na kuko mwenye anapiga mi-solo pale katikati. Banajibishana. Weye unasikia kama mutu moja ana vidole makumi mbili, kumbe ni batu batatu. Na ingine, kuko benye banatoa ule uzi wa ine, uzi wa re, banaweka uzi mwembamba wenye unapanda oktavu moja juu. Pale unasikia inalia ting ting kama kengele. Hauwezi kununua ile kwa maduka.

#42 MjukuuWaMsondo
Bolingo karibu sana kaka. Hii ya uzi wa nne nilikuwa naisikia tu kwa wazee. Hata Dr. Remmy Ongala na Super Matimila, mzee mwenyewe alitoka kwenu Kindu, magitaa yalikuwa yanaongea matatu hivyo hivyo. Na alipookoka akaingia nyimbo za injili, solo haikuokoka, iliendelea vile vile.

#43 DadaWaSolo
Hahaha solo haikuokoka!! Mchungaji wetu asione hii. Ila Bolingo hata hao watatu si ni mikono? Bado nabaki kwenye mkono.

#44 BolingoLubum
Mukono iko, dada, sikatale. Lakini mukono moja.

#45 FundiNyuzi
Turudi kwa mama jamani. Kuna kitu hakuna aliyekisema, kuunguruma. Koili moja zinanguruma, mmmmmm, hasa karibu na taa za tyubu na simu. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde na ile koili inaudaka kama redio. Hambaka, ile pikapu nene, ina koili mbili zilizogeuziana, uchafu unajifuta. Seth Lover wa Gibson ndiye aliyeichora 1955 kwa sababu hiyo hiyo. Ndio maana mimi napenda Pacifica, ukichoka na kelele unavuta swichi kwenye nene. Na kwenye Strat za siku hizi nyingi, nafasi ya pili na ya nne za swichi pia zinatulia.

#46 BabaUshirika
Kanisa letu lilinguruma miaka, tukabadilisha gitaa, likanguruma. Tukabadilisha waya, likanguruma. Fundi umeme akaja akasema jengo halina athi (waya wa kwenda ardhini). Kaweka athi.

#47 NdiziMzuzu
Likanyamaza?

#48 BabaUshirika
Lilipungua. Wengine wanasema ni athi, mpiga kinanda anasema ni kwa sababu siku ile ile alihamisha chaja yake ya laptopu. Mzee wa kanisa anasema tuliombea. Hatujui mpaka leo.

#49 FundiNyuzi
Athi siyo ya mzaha lakini. Mama mwambie binti, kama akigusa nyuzi na mdomo ukagusa maiki akasikia kama mchwa wanamuuma midomo, aache papo hapo, asiendelee kwa imani. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na chasisi ya amplifaya, maiki imeunganishwa na mixa, zikiwa kwenye soketi tofauti na athi mbovu mwili wako ndio unakuwa waya. Na wale wanaovunja pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye ekstensheni ya pini mbili, laana yenu ipo.

#50 KapukuWaUbungo
Nimejificha.

#51 DadaWaSolo
Kwenye amplifaya mama usidanganywe na wati. Kanisani ataunganisha kwenye mixa, nyumbani anaishi chumba na sebule na majirani, wati 10 mpaka 15 ni nyingi tayari. Mimi ningekushauri ile inayotumia betri pia, Boss Katana Mini ni wati 7 inaenda na betri sita za kawaida za AA, umeme ukikatika anaendelea. Au vile vidude vya Vox amPlug vinachomekwa kwenye gitaa halafu hedifoni, muuguzi aliyetoka zamu saa nane usiku anapiga na jirani hajui.

#52 Mkandamizaji
Wati 7 ni kichezeo. Mchukulie wati 50 akue nayo.

#53 DadaWaSolo
Akue kwenda wapi ana miaka 29.

#54 LushotoBaridi
Kingine, mama upo wapi? Kama gitaa litakaa pwani miezi hadi Desemba, usiliache wazi. Chumvi ya hewa inakula nyuzi, zinakuwa kahawia na zinakwaruza kidole. Nyuzi mpya aweke za kuanzia namba 9 au 10 (namba ni unene wa uzi), ndizo nyepesi, na abadilishe mwenyewe. Likifika Mwanza hewa ni nyingine, shingo inaweza kusogea kidogo, nyuzi zikawa juu au zikagonga freti. Siyo kwamba limeharibika. Kuna skrubu ndani ya shingo, inazungushwa na alenki robo mzunguko, na fundi, siyo na mume wa jirani.

#55 MamaWawili
Niko Tanga, chumvi tunaijua, inakula hata bati. Fundi wa kuliweka sawa Mwanza nitampata wapi?

#56 FundiNyuzi
Waulize wapiga gitaa wa bendi au makanisa makubwa pale, kila mji una mmoja. Kipimo chake rahisi, mwambie apime uzi ukiwa wazi na ukibanwa freti ya 12, sauti iwe ile ile oktavu juu. Akikuuliza freti ya 12 ni ipi, chukua gitaa lako uondoke.

#57 BabaUshirika
Mama umefikia wapi? Bahasha au gitaa?

#58 MamaWawili
Nimefikiri hivi. Nanunua amplifaya ndogo ile ya betri na mkanda na waya, nazifunga vizuri. Akija Desemba anafungua anakuta vitu vya gitaa bila gitaa, halafu tunaenda wote dukani anajaribu mwenyewe, hela ninayo mimi mkononi siyo yeye. Nimeona kwa maneno ya dada wa Arusha kuhusu choo.

#59 DadaWaSolo
Mama una akili nyingi kuliko uzi mzima.

#60 MzigoWaMuscat
Mimi napinga. Sapraizi ni gitaa kwenye boksi, mtu anafungua analia. Mkanda unafunguaje ukalia?

#61 BabaUshirika
Atalia dukani, mbele ya muuza duka, bei ipande.

#62 NairobiMtaani
Hapo mzee umesema. Mama mwambieni asionyeshe meno akiwa ameshika analolipenda. Ashike lile asilolipenda atabasamu hapo.

#63 FundiNyuzi
Na aende na waya wake na ile amplifaya yake. Duka litamchomekea kwenye mashine kubwa yenye efekti kila gitaa lilie vizuri. Azime efekti, apige kila freti ya kila uzi taratibu, azungushe vitufe asikilize kama vinakwaruza, avute uzi kwa nguvu aone kama linatoka kwenye tyuni. Linalokaa kwenye tyuni ndilo, rangi baadaye. Na akwepe yale yenye brija ya Floyd Rose (ile inayoelea kwa springi), uzi mmoja ukikatika katikati ya pambio nyuzi zote tano zilizobaki zinapoteza tyuni.

#64 Mkandamizaji
Hapo kwa mara ya kwanza nakubaliana na Fundi.

#65 NdiziMzuzu
Tarehe iwekwe kwenye kalenda.

#66 MjukuuWaMsondo
Bolingo swali kabla uzi haujafungwa. Ile ya kutoa uzi wa re na kuweka mwembamba, kwenye Pacifica ya kawaida inakubali? Ule mfereji wa kwenye nati si ni mpana, uzi hautachezacheza?

#67 BolingoLubum
Unachezaka kidogo. Kuko benye banaweka kakaratasi pale chini. Weka namba 10 ao 11, usikaze mbio mbio, itakatika kwa macho.

#68 FundiNyuzi
Karatasi inanyonya sauti. Chonga nati nyingine ya mfupa, ni kazi ya saa moja.

#69 BolingoLubum
Fundi, batoto ba Lubumbashi banapiga na karatasi na batu banacheza mpaka asubui.

#70 DadaWaSolo
Mkono huo.

#71 Mkandamizaji
Dilei.